Mikono Mitatu, Miaka Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Gari limefika. Langu! Si la ofisi, si la kuazima. Jeusi tii. Linang'aa hadi nimejiona mlangoni nikitabasamu, na nilikuwa sijui kama natabasamu.

Mke wangu amesema ni zuri. Hapo hapo akauliza Ijumaa nitatoka kazini saa ngapi. Mtu analeta gari jipya nyumbani, anaulizwa saa!

Swali lina maana yake, lakini. Niliandike hapa lisinipotee. Mama mkwe yuko kwetu tangu wiki iliyopita. Ana mtoto wa jicho. Miaka minne sasa anaona ukungu mtupu, mimi ananitambua kwa kikohozi. Alhamisi anapasuliwa, Ijumaa anafunguliwa bandeji. Nami nimekula kiapo: kitu cha kwanza atakachokiona kwa jicho jipya kitakuwa gari hili, na mimi nimesimama kando yake, mkono mmoja mfukoni.

Nina sababu zangu. Siku ya harusi yangu nilikwenda kumchukua bibi harusi kwa gari la kuazima. Likazimika mbele ya geti la ukweni. Nani alilisukuma? Mama mkwe. Na nguo zake za sherehe. Miaka kumi na mitano anasimulia kisa hicho. Kwenye misiba anasimulia! Marehemu bado hajazikwa, watu wameshika mbavu. Ijumaa kisa hicho kitakufa.

Jioni akaomba apelekwe alishike gari. Akapapasa boneti toka taa hadi taa, kiganja kizima, polepole, akasema lina ubaridi mzuri. Nikamfuata nyuma na kitambaa. Sikujua kama mke wangu anatazama.

Jirani naye hakukosa. Mwalimu mstaafu. Gari lake zamani lilikuwa jekundu, siku hizi lina rangi ya ufizi. Mimi naliita Kopo. Akalizunguka langu mara mbili, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Akasema rangi ya kiwandani inajitosheleza: nilioshe, nilifute, niliendeshe, basi. Akaongeza kwamba nimwangalie paka wake, maana anapenda sana kulala juu ya boneti yenye joto. Paka mwenyewe alikuwa juu ya ukuta. Sikuyapenda macho yake.

Nilioshe, basi! Ananiambia mimi, ambaye rimoti ya televisheni nyumbani kwangu ina mwaka wa sita ndani ya nailoni yake na haijapata hata mkwaruzo. Vitufe havisomeki, ni kweli. Lakini ni vipya. Kinga ni bora kuliko tiba.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini mapema kwenda duka la vipuri. Mke wangu alinipa na kikaratasi: ninunue miwani ya jua ya mama, daktari amesema ataihitaji.

Muuzaji wa vipuri anavaa koti jeupe. Wanamwita Daktari. Juu ya meza ana boneti kuukuu, nusu imepakwa dawa, nusu haikupakwa. Akamwaga maji. Upande mmoja yakatapakaa. Upande wa pili yakajikusanya matone matone, yakateremka kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Akamwaga tope. Likateremka. Akamwaga oili chafu. Ikateremka! Nilisimama pale nusu saa nzima. Nilisahau hata kujikuna.

Dawa yenyewe wanaiita kioo cha maji. Unaipaka juu ya rangi, inaganda, inakuwa kama ngozi ya kioo. Mkono mmoja, kama wapaka rangi wanavyosema, yaani ukipaka mara moja, unadumu miaka mitatu. Akili yangu ikafanya kazi papo hapo. Mikono mitatu, miaka tisa! Nikamwuliza Daktari kama kuna mteja aliyewahi kufikiria hivyo. Akanipima kwa macho. Kisha akaingia ndani akatoka na chupa tatu. Waerevu hutambuana.

Nyumbani, mke wangu akauliza miwani iko wapi.

Nikamwonyesha chupa. Nikamweleza habari ya tope na oili. Akauliza tena miwani iko wapi. Kuna watu huwezi kuwaonyesha mbele.

Mwalimu alikuwa sebuleni, amekuja kumjulia mama hali. Akainuka, akaenda kwake, akarudi na miwani yake mwenyewe ya jua. Mama akaivaa, ikamkaa. Akambariki Mwalimu, watoto wake na watakaozaliwa. Hakuna aliyemwita huyu mtu! Sukari yangu anakunywa, sifa anabeba yeye.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Masjala haitakufa kwa siku tatu hizi. Mafaili yamenisubiri miaka ishirini.

Saa nne nikaliosha gari. Saa sita nikaketi kusoma karatasi ya maelekezo. Nainakili, maana siku moja itahitajika kama ushahidi: *Paka sehemu ndogo. Subiri dakika mbili. Futa yote kwa kitambaa laini kabla haijakauka.*

Futa! Futa yote!

Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Nani anajipaka mafuta usoni kisha anayafuta? Nani anameza dawa kisha anaitapika? Huu ni ujanja wa kiwanda. Upake, ufute, itoke, urudi dukani kununua nyingine. Mimi si wa jana.

Sikufuta. Mkono wa kwanza saa saba. Mkono wa pili saa nane na nusu, mzito kidogo. Mkono wa tatu saa kumi, mzito kabisa, nikamaliza chupa mbili nzima na theluthi mbili ya ile ya tatu. Nilitaka kulifunika kwa turubai, lakini turubai lingeganda humo humo. Karatasi inasema joto husaidia dawa kukauka. Basi nikawasha injini, nikaiacha ingurume saa nzima. Boneti ikapata joto zuri sana, kama kitanda alichotoka mtu. Nikajipongeza.

Mama mkwe alikuwa kibarazani. Akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni harufu ya miaka tisa.

Akauliza, kwa upole, kama kesho ni mimi nitakayempeleka hospitali kama tulivyosema. Ikabidi nimsomee nyuma ya karatasi: siku saba gari lisiguse maji, lisipate vumbi, lisiguswe wala kusuguliwa. Barabara ya hospitali ina vumbi kilomita nzima. Nikamweleza kwamba namtunzia gari kwa ajili ya Ijumaa, siku yenyewe, nitakwenda taratibu. Kesho ni kwenda tu. Tena haoni.

Akasema, "Sawa, baba."

Mke wangu alitupa mgongo. Alikuwa anaosha sufuria. Sijui sufuria ilimkosea nini.

Na sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta kwamba Kopo lipo, tena lina mafuta. Bila shaka lipo! Halina kazi nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Kumi na moja.

Nimezihesabu asubuhi kwa kidole. Nyayo za paka, kumi na moja. Zinaanzia taa ya kushoto, zinapanda boneti kwa mstari. Katikati, mnyama huyo amekaa. Kuna duara la makalio! Kuna na alama ya mkia, umepinda vizuri, kila unywele unasomeka. Kisha ameinuka akateremkia upande wa pili bila haraka yoyote. Zote ziko ndani ya kioo cha maji, zimeganda kama chapa kwenye nta.

Gari lenyewe nalo, nje ya nyayo, si lile la jana. Milango ina michirizi kana kwamba ilikuwa inalia. Paa lina mabaka ya rangi saba. Lakini hayo yatakaa sawa yakizoea. Nyayo ndizo zimeniua.

Nikatoka mbio kwenda kwa Mwalimu na maneno yangu yote mdomoni. Nikamkuta anamsaidia mama mkwe kuingia Kopo, mke wangu ameshika kapu. Nikamvuta Mwalimu aje aone. Akaja. Akaona. Nikadhani sasa ataniomba radhi. Akamwita paka! Akampakata, akaanza kukagua nyayo zake, moja moja, asije akawa ameramba dawa. Akaniuliza *mimi* kama dawa ina sumu! Hakuondoka mpaka amemwosha miguu yote minne. Kisha akaniuliza kwa nini boneti ya gari lililoegeshwa ilikuwa na joto. Mtu akiwa na msiba haulizwi maswali.

Wakaondoka. Mama mkwe alikuwa anauliza kuna nini, mke wangu akamwambia hakuna kitu. Nimekumbuka baada ya saa nzima kwamba sikumwambia hata Mungu akutangulie. Nilikuwa na mawazo.

Kuanzia saa tatu hadi saa saba: sabuni, limau, mafuta ya taa, dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha. Kisha kucha zenyewe. Kioo hakikubanduka hata chembe. Maji yanateremka matone matone, vizuri ajabu, yanapita ndani ya nyayo na kutoka.

Nikaendesha mwendo wa jongoo hadi kwa Daktari wa vipuri. Nikamwonyesha uovu huo. Akapiga magoti mbele ya bampa. Akamwaga maji. Akawaita wateja waliokuwa ndani waje waone dawa inavyofanya kazi! Mmoja akapitisha kidole kwenye makalio ya paka akasema kweli hii ni kiboko. Nikataka aitoe. Akanitazama kwa huruma, akauliza kama ingekuwa inatoka nani angeinunua. Akasema dhamana yangu iko palepale, miaka tisa, na inalinda kila kilichomo ndani.

Hata nyayo, nikamwuliza.

Hasa nyayo, akasema.

Mke wangu amepiga simu jioni. Upasuaji umekwenda salama, mama amelala, yeye atabaki naye. Nimeshukuru. Nimemwambia na mimi siku yangu ilikuwa ngumu. Simu ikakatika. Mtandao siku hizi ni shida.

Ijumaa, 7 Machi

Mtu mwenye akili hakosi njia. Mpango wangu ulikuwa huu. Wodi ya macho iko chini, kitanda cha mama kiko dirishani, na dirisha linatazama maegesho. Niegeshe gari pua ikitazama ua wa michongoma. Boneti isionekane. Mama akifunguliwa aone buti na taa za nyuma, nyekundu, nzuri. Ubavu nao ungekuwa kivulini, michirizi isionekane. Mimi nimesimama, mkono mfukoni.

Nikafika mapema. Nikaegesha hivyo hivyo. Nikasimama. Mkono mfukoni.

Akaja askari wa maegesho. Akasema hapa magari yote yanaingia kwa kurudi nyuma, pua itazame nje, ili ikitokea dharura watu watoke haraka. Nikamwambia dharura ni hii. Akasema hiyo ndiyo sheria. Nikamwambia mama mkwe wangu anafunguliwa macho dakika hii. Akanipa pole, kisha akapiga filimbi. Filimbi! Wagonjwa wamelala! Wodi nzima ikageuka kutazama dirishani. Nikaligeuza gari huku nimeuma meno. Boneti ikasimama wazi mbele ya dirisha, mita nne, jua la asubuhi limeipiga sawasawa.

Nilivua koti kuifunika. Nilichelewa. Ndani, muuguzi alikuwa ameshatoa bandeji.

Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia kila kitu. Mke wangu ameziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe anapepesa jicho, anapepesa, kisha likatulia.

"Kuna paka amepita," akasema.

Muuguzi akageukia dirishani.

"Amekaa hapo katikati. Akafikiri. Akaendelea na safari yake."

Mke wangu akaanza kulia. Muuguzi akapiga makofi. Daktari, huyu wa kweli, akasogea dirishani, akatazama boneti yangu, akamwuliza mama anaona nyayo ngapi. Mama akahesabu taratibu kwa kidole hewani hadi kumi na moja. Daktari akazihesabu na yeye, akaandika kwenye faili. Kisha, na hapa ndipo nilipotaka kumshitaki, akawaita na wengine waliofunguliwa asubuhi hiyo. Wakaja mmoja mmoja dirishani kulisoma gari langu! Mzee mmoja alipata tisa, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, koti mkononi. Mama akanitazama muda mrefu. Nikangoja neno. Akasema kumbe mvi zimeniingia hivi.

Sasa sikiliza. Tumemaliza, dawa zimechukuliwa, mama anatoka nje ameshikwa mkono, na wingu likafunga. Siku ya pili tu ya dawa! Siku saba lisiguse maji! Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo cha mbele, na mimi ni binadamu. Nikaruka ndani, nikalipeleka gari chini ya banda la magari ya wagonjwa, nyuma ya jiko la hospitali. Nilidhani mvua ya dakika kumi. Ilinyesha kwa saa tatu nzima. Banda linavuja upande wa boneti, nikasimama na mwavuli juu yake muda wote huo. Madereva wa hospitali wakaniletea stuli. Walidhani nimefiwa.

Niliporudi mlangoni, mama hayupo. Alikuja Mwalimu. Na Kopo lake. Halijui hata kama mvua inanyesha.

Mama alikuwa amesubiri ngazini nusu saa, naambiwa na askari wa maegesho, jicho amelifunika kwa kiganja, anauliza lile gari lenye paka limekwenda wapi.

Sikupenda namna alivyoniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu haongei na mimi. Naambiwa mambo kupitia chumvi: inawekwa mezani kwa kishindo.

Sikukata tamaa. Jana jioni niliandika tangazo kwa kalamu nene, herufi kubwa, nikalibandika ukutani sebuleni ili nyumba nzima ielewe:

*SIKU SABA. 1. Maji ni marufuku. 2. Kugusa na kusugua ni marufuku. 3. Vumbi ni marufuku. 4. Jua kali ni marufuku.* Na la tano chini, kidogo, karatasi ilikuwa inaisha.

Asubuhi mke wangu akasimama mbele ya tangazo muda mrefu. Alipogeuka, uso ulikuwa mwingine. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi. Akasema kumbe una moyo. Nikapata mayai mawili! Akampigia dada yake simu, nikiwa nasikia, kwamba baba watoto ameandika masharti yote ya daktari, hakusahau hata moja, kayabandika mbele ya kiti cha mama. Mama mwenyewe akaniita mwanangu. Hajawahi. Miaka kumi na mitano nimekuwa "baba" na "mkwe", leo mwanangu. Sikuona haja ya kusahihisha mtu. Masharti ni yale yale!

Saa sita mchana. Tunakula. Mama akainua kichwa, akatazama ukutani ng'ambo ya chumba, jicho jipya limeng'aa, anafurahia kuona. Akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwanafunzi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mke wangu anampigia makofi kila mstari.

"Tano," mama akasema. "Usiegeshe chini ya mti, ndege."

Vijiko vikasimama.

Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi mke wangu akaingiwa na hofu juu ya jicho, akamwomba apumzike. Kisha mke wangu akanigeukia. Sitaandika alichosema. Yai la pili nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya jioni limepewa Mwalimu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku saba za mama zimekwisha, na za gari zimekwisha. Nimeamua kwenda kwa fundi rangi aziondoe nyayo. Mama akasema na yeye anakuja, na atakaa mbele. Mke wangu nyuma. Nilitandika gazeti chini ya miguu yao. Mke wangu alilikunja akaliweka mapajani mwangu.

Njia nzima mama alikuwa anatazama boneti. Haoni maduka, haoni watu, anatazama nyayo na kutabasamu. Gari zima lipo!

Fundi rangi ni mtu wa maneno machache. Alikuwa anakunywa chai. Akapitisha ukucha mlangoni, akauliza nani alifuta hii dawa. Nikasema hakuna aliyefuta. Akauliza tena, pengine hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaweka kikombe chini.

Akaniambia dawa haina kosa. Ukipaka na kufuta, inabaki nyembamba na inalinda. Usipofuta, inaganda bonge, na bonge halitoki ila kwa mashine, na mashine haichagui: inakula dawa, inakula na rangi kidogo ya kiwandani. Kwa hiyo rangi yangu, ambayo wiki mbili zilizopita ilikuwa kamili, sasa itakuwa nyembamba kuliko ya gari la jirani. Akanisihi baada ya leo nilioshe kwa maji, nilifute, niliendeshe. Maneno ya Mwalimu, neno kwa neno! Nina hakika wanajuana.

Mashine ikaanza. Milango. Paa. Buti. Michirizi ikatoka, weusi ukarudi, nikaanza kupumua. Fundi akaja mbele, akainamia boneti. Hapo mama mkwe akainuka kwenye stuli yake.

"Hapo paacheni," akasema.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuja akaweka kiganja juu ya boneti, palepale alipopapasa siku ile ya kwanza.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Sikuwaambia. Nilijua watafungua na nitakuta giza lile lile. Wamefungua, nikaona vidole vya paka, kimoja kimoja. Mwanangu, hapo paacheni."

Fundi akazima mashine. Hakuniuliza! Gari langu, boneti yangu, na fundi anazima mashine kwa amri ya mtu mwingine, kisha anamletea chai. Nilifungua mdomo niseme yangu. Nikatoa kikohozi tu. Kule gereji kuna vumbi la polishi, lingemkohoza yeyote.

Basi ndivyo lilivyo sasa. Gari limebaki uchi mwili mzima. Halina kinga hata kidogo, ila boneti, yenye nyayo kumi na moja na duara la makalio, salama kwa miaka tisa.

Jumapili, 16 Machi

Ndugu wa mke wangu wamekuja kumwona mama. Watu kumi na wanne. Nilisubiri kisa cha harusi, nikajiandaa kutazama dari kama kawaida yangu.

Hakukisimulia. Alianza na paka. Alisimulia filimbi, koti, dirisha, mzee aliyehesabu tisa, mwavuli, tangazo na sharti la tano. Kisha akawatoa wote nje, akawapanga mstari mbele ya boneti, wahesabu. Shemeji yangu alikaa chini kwa kicheko, akashindwa kuinuka.

Mmoja akauliza kisa cha kusukuma gari. Mama akasema kile ni cha zamani.

Kwa hiyo kiapo changu kimetimia. Niliandika hapa tarehe tatu kwamba kisa kile kitakufa, na kimekufa. Hakuna aliyenipongeza.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki hizi zilikuwa tulivu. Nimeosha gari kwa maji. Nimelifuta. Nimeliendesha. Mama amekaa mbele kila safari. Mke wangu ananiongelesha, hata kwa sentensi ndefu.

Juzi daktari wa macho alimpa mama miwani ya kusomea. Ya mbali anaona, ya karibu ndiyo yalikuwa yamebaki. Amerudi nayo, akafungua sanduku lake, akatoa barua za marehemu mkwe wangu, zile alizomwandikia enzi za uchumba. Miaka minne hakuweza kuzisoma, na hakutaka kusomewa na mtu. Sasa anasoma moja kila jioni, karibu na dirisha, anacheka peke yake. Mke wangu amesema kicheko hicho hakukisikia tangu baba yake afariki. Nilitoka nje kidogo. Jamani, nami nina moyo.

Ila nimeona jambo, na limenikera siku mbili. Miwani ile haina kinga! Anailaza mezani vioo vikiwa chini. Anaifuta kwa upindo wa gauni. Jana aliishika na mikono yenye mafuta, na hakuna aliyesema neno, si binti yake, si Mwalimu anayejifanya kumjali. Mwezi mmoja itakuwa imekwaruzika, na barua hizo nani atazisoma? Watu hawafikirii mbele. Nyumba hii bila mimi ingekwenda wapi sijui.

Imebaki theluthi ya chupa ya tatu. Kumbe Mungu aliibakiza kwa makusudi.

Mama amelala tangu saa nane. Nimeichukua miwani taratibu. Mikono miwili tu, pande zote mbili. Mitatu ingekuwa tamaa, na mtu hujifunza kwa makosa yake. Nimeilaza juu ya sahani chumbani kwangu. Karatasi ya maelekezo bado ninayo, bado inasema futa. Ng'o!

Nimefunga dirisha. Nimeziba chini ya mlango kwa taulo. Mara ile sikukosea popote ila kwa paka, na leo paka hana pa kupita.

Nimegusa sasa hivi, imekauka vizuri, imekuwa nyeupe kidogo. Mama ataamka saa kumi na ataitaka barua yake. Ataona tofauti mwenyewe.